Sidhani na Meno Mawili ya Chini

Kuna watu hawaamini mpaka waone, na kuna wengine hata wakiona huuliza nani kawasha taa. Fundi huyu alikuwa wa hao wa pili. Mtaa mzima ulimwita Sidhani, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila neno. Ukimwambia mvua inakuja, sidhani. Ukimwambia imeshakuja, anatoa kwanza mkono dirishani. Akienda kununua nyanya anaziacha zile za juu zilizopangwa vizuri, anachimbua za chini, kisha njiani anaanza kujiuliza kama muuzaji hakujua tangu mwanzo kwamba atachimbua. Watoto wake walipokuwa wadogo, mmoja akilalamika tumbo, alibonyezwa kwanza tumbo huku akitazamwa usoni, kama mshtakiwa.

Msimlaumu upesi. Kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Alikuwa fundi wa kupiga mchanga: unamletea geti, rimu ya gari au kitanda cha chuma, naye anakipiga kwa upepo wa kompresa uliochanganywa na mchanga mpaka rangi na kutu vyote vitoke, chuma kibaki uchi, tayari kwa rangi mpya. Maisha yake yote ameletewa vitu vinavyong'aa, mwenye mali akiapa kwamba ni vizima kabisa, na mchanga ukipita kidogo tu, chini linafunuka tundu lililozibwa kwa gundi na magazeti. Ukivua rangi za watu kila siku, utaanza kuwatazama watu wenyewe kwa jicho hilohilo. Uani hapo, nyuma ya ukuta wa mabati, alifanya kazi na fundi rangi, mcheshi mmoja asiyefunga mdomo hata akiwa amevaa barakoa. Sidhani anavua, mwenzake anavisha, na hivyo ndivyo walivyozeeka.

Sasa mtu huyo, bingwa wa kutu za wenzake, meno yake mawili ya mbele, ya chini, yakaanza kucheza.

Kwanza ilikuwa damu kwenye mswaki. Akaushuku mswaki, akanunua mwingine. Damu ikaendelea, akaishuku dawa ya meno. Kisha siku moja aking'ata kipande cha mkate mkavu, akasikia jino linainama, kama nguzo iliyosimikwa kwenye matope. Akalisukuma kwa ulimi, likaenda. Akalivuta, likarudi. Hakumwambia mtu, lakini tangu siku hiyo ulimi wake haukutulia. Baba yake alikuwa ameanza vivyo hivyo, mawili ya chini, kisha ya juu, kisha yote, na mzee wa watu akamaliza maisha yake akiwa na kiganja mdomoni kila akitaka kucheka, mpaka akaacha kucheka kabisa. Sidhani alilijua hilo vizuri. Usimwone anajifanya jabali. Alitaka meno yake mawili yabaki mdomoni kuliko alivyotaka kitu chochote mwaka ule.

Aliyelipasua jipu ni mkewe.

"Baba watoto, nisikilize na usinune. Mdomo wako unanuka. Siyo wa asubuhi, ni wa siku nzima."

Sidhani akamkazia macho. "Nani kakutuma?"

"Pua yangu," mkewe akasema. "Na nimeshazungumza na mdogo wangu. Keshokutwa unaenda kwa daktari wa meno."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mdogo wake mke, yaani shemeji yetu, alikuwa mpokea wagonjwa kwenye kliniki hiyohiyo ya meno. Sidhani akaunganisha nukta zake. Mke anasema mdomo unanuka, mdogo wake yuko mlangoni kwa daktari, na yeye ndiye wa kupelekwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia fundi rangi kesho yake. Fundi rangi akamjibu kwamba kinachomla kiko kwenye fizi, na kama hataki kwenda basi angalau azungumze akiwa ametazama upande wa pili.

Alienda. Chumba kilikuwa kidogo na kilinukia karafuu. Kulikuwa na kiti kinacholala, taa kubwa juu yake, sinki dogo la kutemea, na chini, karibu na mguu wa daktari, pedali ya kuwashia vyombo. Pedali ile aliiona kabla ya kumwona daktari. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti, na Sidhani hakupenda watu wapole wa sauti. Kwa uzoefu wake walikuwa na kitu cha kuuza. Binti akamlaza, akaingiza kijiti chembamba chenye mistari kati ya jino na ufizi, jino baada ya jino, akijisemea namba. Alipofika kwenye yale mawili, namba zikapanda.

"Mzee wangu, fizi zako zinaumwa," akasema. "Zimeachana na meno, pamekuwa na mifuko. Ndani ya mifuko kuna uchafu, na uchafu huo unasababisha mfupa unaoshika meno uishe polepole. Haya mawili yamelegea, lakini tukisafisha sasa tunaweza kuyapigania."

"Utasafishaje kitu kilicho chini ya nyama?"

"Kwanza nitautoa ugaga, ule uliokuwa mgumu kama jiwe, kwa chombo kinachotetemeka. Halafu unabaki ukoga laini, unaoteleza, mswaki haufiki huko. Huo nitaufuata kwa ncha nyembamba inayoingia chini ya ufizi na kupuliza upepo, maji na unga laini sana."

Sidhani akakaa kitako kwenye kiti kilicholala, jambo ambalo si rahisi. "Rudia hapo mwisho."

"Upepo, maji na unga."

"Binti yangu, unajua mimi nafanya kazi gani?" Akamwambia. Akamweleza lori alilolivua wiki ile, lililoingia uani bluu likatoka jeupe la chuma. Akamweleza kioo kinachogeuka ukungu kwa pigo moja. Akamwonyesha kovu kwenye mkono, pale mchanga ulipopita zamani na kuchukua ngozi kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. "Na wewe unataka kuniingizia hicho kwenye fizi."

"Huu si mchanga, baba. Ni unga unaoyeyuka majini. Lete mkono nikupulizie, usikie mwenyewe."

"Sampuli huwa nzuri siku zote," Sidhani akasema, akavua kile kitambaa cha kifuani, akakikunja vizuri, akateremka. Mlangoni shemeji akamuuliza kama wameshamaliza. Akamwambia ndiyo, wamemaliza, na amsalimie dada yake, mwenzake wa njama.

Mkewe hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, akimkatia mkate vipande vidogovidogo kama wa mtoto: "Jino la pembe si dawa ya pengo." Sidhani akasema hadhani kama yatatoka. Akaanza kutafunia upande wa nyuma. Akaanza kunywa chai ikiwa vuguvugu. Shemeji alipokuja kutembea, akamtazama mikono kama amebeba kitu, na yule dada wa watu akaaga mapema kuliko kawaida yake. Miezi ikapita hivyo, na yale meno yakazidi kucheza, hasa la kushoto.

Akili nyingi huondoa maarifa, na Sidhani alikuwa na akili nyingi. Alifikiri hivi: yule binti anasema ni upepo na unga. Sawa. Upepo na unga ni kazi ya nani hapa mjini? Yeye amejifunza lini, na mimi nimeanza lini? Kwake sitaona anachofanya, pedali iko chini ya mguu wake, mdomo wangu uko wazi, siwezi hata kusema simama. Mpira wa upepo usioushika mwenyewe usiuamini. Na kama kazi ni ileile, kwa nini nisiufanyie mdomo wangu kazi ninayoifanyia milango ya watu?

Naona mmeanza kuguna. Ngojeni.

Fundi rangi alitoka kwenda kula. Sidhani akafunga geti, akalivuta kuhakikisha limefunga. Alikuwa na soda, ule unga mweupe anaosafishia vyuma laini visivyostahimili mchanga. Akauchekecha mara mbili. Akapunguza upepo mpaka mshale wa geji, kile kipimo cha upepo, ukalala. Akachukua bastola ndogo ya kupulizia vumbi, akaipaka ncha yake unga. Kisha, kama fundi yeyote mwenye adabu ya kazi, akajaribu kwanza kwenye kitu kisicho cha mteja: akaupuliza ukucha wake wa dole gumba. Ukucha ukabaki kama ulivyokuwa, naye akaridhika.

Akaegemeza kioo cha pembeni cha gari juu ya pipa, akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akaipachika ncha pale ufizi unapokutana na jino la kushoto, akabonya. Kidogo tu.

Haikuuma, na hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye. Alisikia kitu kinakimbia chini ya ngozi, kutoka kidevuni kwenda shavuni, kutoka shavuni kushuka shingoni, kama mtu anayeingiza mkono ndani ya foronya. Kwenye kioo uso wake ukaumuka upande mmoja na jicho likaanza kufumba lenyewe. Akagusa shavu. Likalia chini ya kidole, chwa, chwa, kama majani makavu yanayokanyagwa.

Na mtazameni binadamu alivyo. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba aliyemuuzia soda kamchanganyia kitu. La pili likawa kwamba fundi rangi kaichezea geji. Kwa hiyo fundi rangi aliporudi na kufunguliwa geti na mtu mwenye uso mmoja na nusu, neno la kwanza alilosikia, kwa sauti iliyokuwa imeshakuwa nyembamba kama ya kitoto, ni hili: "Uliigusa geji?"

"Mimi nilikuwa nakula," fundi rangi akasema. Akatazama kioo juu ya pipa, akatazama bastola, akatazama unga mweupe kwenye ndevu za mwenzake. "Mpira ulishikwa na nani?"

Sidhani akajipangusa ndevu.

"Mganga hajigangi, kaka," fundi rangi akasema, akitafuta ufunguo wa gari. "Na wewe hata si mganga."

Kliniki hakupangishwa foleni. Daktari alibonyeza shavu kwa vidole viwili, akasikiliza, akashuka mpaka shingoni, na uso wake mpole ukabadilika. "Baba, umefanya nini?"

"Nyuki," Sidhani akasema.

"Nyuki hawalii hivi chini ya ngozi."

"Nimepuliza mwenyewe. Kwa kompresa."

Alingoja agombezwe, angalau hapo angejua pa kukanyaga. Daktari hakugomba. Akamwambia upepo umeingia chini ya ngozi na umeshafika shingoni, na ukizidi kushuka unaweza kubana njia ya pumzi. Aende hospitali kubwa sasa hivi, na njiani asipenge kamasi wala asipulize chochote, hata chai. Shemeji akaacha meza yake, akaacha simu inalia, akapanda naye kiti cha nyuma. Akamshika mkono tangu wanaondoka mpaka wanafika, kwa mkono wake uleule ambao Sidhani alikuwa akiutazama kama umebeba kitu.

Sidhani aliogopa. Nawaambia wazi, aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kufa kwa jambo ambalo fundi rangi angelisimulia msibani.

Hakufa. Walimlaza, wakampa dawa za kuzuia usaha, wakawa wanakuja kumbonyeza shingo kila mara, na upepo ukaisha mwilini polepole bila kuaga. Muuguzi alimletea vidonge, naye akaomba kuona pakiti. Tabia haiishi kwa siku moja. Mkewe alikaa kando ya kitanda, akamenya chungwa, akala mwenyewe, maana mgonjwa hakuruhusiwa kufyonza. Alipomaliza akafuta mikono na kusema alichokuwa amekibeba.

"Mimi umenishuku. Mdogo wangu umemshuku mpaka kaogopa kuja kwangu. Nyanya unazishuku. Lakini kompresa umeiingiza mdomoni bila kumuuliza mtu." Hapo akageuka dirishani. "Ungeniacha mimi na watoto kwa sababu ya ubishi."

Sidhani alitaka kusema sidhani. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likarudi.

Aliporuhusiwa, na fizi ikapewa wiki kadhaa za kupona, akarudi mwenyewe kwenye kiti kile kinacholala. Safari hii hakumwita daktari binti. Akamwomba tu jambo moja: aone hiyo ncha. Daktari akampa aishike. Ilikuwa laini, nyembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, na matundu yake ya upepo hayakuwa mbele, yalikuwa ubavuni, na lile la mbele lilikuwa la maji.

"Ya kwako inapiga mbele," daktari akasema. "Ikiwa ndani ya mfuko, inasukuma upepo ndani ya nyama. Hii inapuliza pembeni, kwa upole, na maji yanauchukua uchafu nje. Tena hapa upepo wote umepimwa kwa ajili ya fizi, siyo kwa ajili ya lori."

Sidhani akaigeuzageuza kwa muda. Ilikuwa kazi nzuri. Hakuna fundi angebisha. Akairudisha.

Wakamtia ganzi. Chombo cha kutetemeka kikaanza na ule ugaga mgumu, na vipande vikaanguka kwenye sinki, vyeusi, vikubwa kuliko alivyotegemea. Alivitazama kwa aibu, maana ni vitu ambavyo angevionyesha kwa mdomo wazi kama vingetoka kwenye geti la mtu. Kisha ikaja ile ncha. Baridi. Maji. Mlio mwembamba kama wa tairi linalovuja. Na unga ule ulikuwa mtamu kidogo, jambo lililomtia wasiwasi upya, kwa kuwa maishani mwake hakuna aliyewahi kumtilia kitu kitamu mdomoni bila sababu. Alikaza mikono kwenye kiti, akangoja maumivu. Yakawa yanachelewa. Daktari akatoa ncha, akahamia mfuko mwingine, akatoa tena. "Tumemaliza," akasema.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu, baba."

Nyumbani alipiga mswaki kama alivyoonyeshwa, na uzi wa kusafisha katikati ya meno, na mkewe akakiri kwamba pua yake imepumzika. Shemeji akaanza kuja tena, akakaa mpaka jioni. Sidhani alimkaribisha chai na hakumtazama mikono.

Fizi zilipotulia, akaitwa kupimwa upya. Mkewe akaenda naye. Kijiti chenye mistari kikazunguka mdomo mzima, na namba nyingi zikashuka. Daktari akayafikia yale mawili. Akalisukuma la kulia. Likasimama.

"Hili limeshika," akasema. "Ufizi umelirudia."

Akaligusa la kushoto, na hakuwa na haja ya kusema, kwa sababu Sidhani alilisikia mwenyewe likienda na kurudi.

"Hili mfupa wake umekwisha. Nikiliacha litaleta usaha na litamwambukiza mwenzake."

"Ni ule upepo wangu?"

"Upepo wako haukusaidia. Lakini zaidi ni muda. Siku ile ulipokuja mara ya kwanza, lilikuwa bado lina mfupa wa kulishikilia."

"Kwa hiyo kama ningebaki kwenye kiti siku ile?"

Daktari hakumdanganya. "Tungekuwa na nafasi nzuri ya kuyabakisha yote mawili."

Sidhani akatazama taa. "Ling'oe," akasema.

Lilitoka bila ubishi. Akaomba apewe, wakamfungia kwenye kipande cha pamba. Nje, kwenye kibaraza cha kliniki, mkewe akakaa kwenye benchi kumngojea apumzike, naye akasimama dirishani na kuifungua pamba. Uani kwake, kipande kikiharibika, hawahangaiki kuulizana. Anakiinua kwenye mwanga, anatazama mchanga ulivyokila, na anajua ni mkono wa nani ulioshika mpira. Akaliinua jino hivyohivyo. Akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akalisogeza karibu na kioo cha dirisha, akaligeuza tena.

"Unatafuta nini?" mkewe akauliza.

"Nimeshaona," akasema.